Kengele Imekwenda Kuchota Maji

Nyamvula alikuwa amepiga magoti mbele ya jiwe la kusagia, uwele nusu umekuwa unga na nusu bado, kifua chake kilipoanza kulia. Kililia kama kengele ya misheni ilivyokuwa ikilia, kwa mwendo ule ule wa taratibu, sauti ya shaba inayofika mpaka kwenye reli ya Ihumwa. Ilikuwa Jumapili asubuhi, wakati wa ibada. Aliweka kiganja kifuani akangoja. Sauti ilipokoma alisema, "Haya," akaendelea kusaga, maana unga haujisagi.

Kengele yenyewe, ile ya shaba, ilikuwa imeteremshwa wiki hiyo hiyo na askari wa Mdachi. Vita vilikuwa vimeingia nchini, Mdachi na Mwingereza wameshikana mashati, na padri wa misheni alikuwa Mwingereza. Basi padri alichukuliwa, na mwalimu Kefa akatiwa mnyororo shingoni akapelekwa magharibi kwa gari la moshi, eti alikuwa akimpelekea adui habari kwa kupiga kengele. Kanisa lilitiwa kufuli na kujazwa mtama wa jeshi. Mkutano wowote wa Wakristo wa misheni ile ulipigwa marufuku.

Huyo Kefa alikuwa mume wa Nyamvula. Alikuwa na wake wawili, Raheli mkubwa na Nyamvula mdogo, mpaka alipotaka kubatizwa. Misheni ilisema mwanamume mmoja, mke mmoja. Kefa alifunga, akaomba, kisha akamwacha mdogo. Alimwacha kwa upole, kwa maneno mazuri, na jiwe la kusagia alimbebea mwenyewe begani mpaka nyumbani kwa mjomba wake, mzee Matonya. Upole ule ulimuuma Nyamvula kuliko kama angepigwa.

Hata hivyo hakuacha kwenda kanisani. Neno alilolisikia huko alilipenda kwelikweli, na alikwisha kujichagulia jina la ubatizo: Loisi. Lakini padri alisema kwamba mwanamke aliyeachwa kwa namna ile atakaa kwanza katika kundi la wanaongoja, mpaka jambo lake litengenezwe. Jambo lenyewe ni lipi, na linatengenezwaje, hakuna aliyejua. Wanaongoja walikaa nje, chini ya dirisha. Wenzake waliitwa mmoja mmoja, wakapewa majina, wakaingia. Yeye alibaki na dirisha lake.

Sasa watu wa pale walikuwa na mazoea yao: kengele ikilia, jembe chini. Jumapili ile walitua majembe wakaenda kanisani, wakakuta kufuli. Walisimama kidogo wakatega masikio, wakatambua kwamba sauti ilitoka kwenye tembe la mzee Matonya, wakaenda huko kwa mstari, mzee wa kanisa Bartolomayo akiwa mbele na fimbo yake.

"Mbukwa," alisema Bartolomayo mlangoni.

"Mbukwa," alijibu Matonya, ambaye hakuwa Mkristo wala hakuwa na haraka ya kuwa. "Mmepotelewa na ng'ombe?"

"Tunatafuta kengele."

"Iko jikoni. Inasonga ugali."

Nyamvula alitoka na mwiko mkononi. Kifua kililia tena, mara chache tu, kama kengele inavyowalilia wachelewaji. Bartolomayo alisikiliza hadi mwisho, akavua kofia. Alikuwa mtu wa kanuni. Padri hakuwapo, mwalimu hakuwapo, wala benchi hata moja. Lakini kengele imelia, na ikilia watu husali. Hakuona njia ya kulikwepa hilo. Wakaingia uani, zizini kabisa, ng'ombe walikuwa wamekwenda malishoni, wakatandika ngozi wakakaa.

Tatizo la kwanza lilikuwa mahali pa kukaa. Kanisani wanaume walikaa kulia na wanawake kushoto, waliobatizwa mbele, wanafunzi nyuma, na wanaongoja nje. Ua wa tembe hauna mbele wala nyuma. Vyumba vinauzunguka na watu hukaa wakiuzunguka. Nyamvula aliinuka aende nje, akatafute dirisha. Tembe la Matonya halikuwa na dirisha.

"Kengele yenyewe iko ndani," alisema Bartolomayo, akikuna kidevu. "Sasa nje patakuwa wapi?"

Aliuliza kwa moyo safi, akitaka kujua. Raheli, yule mke mkubwa, alisogea kidogo kwenye ngozi yake, pakapatikana nafasi ya mtu mmoja, na Nyamvula akakaa.

Raheli alikuwa amekificha kitabu ndani ya kibuyu cha unga. Kilikuwa kitabu cha darasa la kusoma la misheni, kimoja kwa watu wote. Zamani za darasa kiliwekwa chini, na wanafunzi wakakizunguka, kila mtu akajifunza herufi kwa upande aliokaa. Raheli alikuwa amekaa kwa juu, kwa hiyo alisoma vizuri sana, lakini kitabu kiwe kimepinduka miguu juu. Bartolomayo alisomea ubavuni. Kanisani walionewa aibu, na padri hakuwapa kusoma hata siku moja. Hapa uani kitabu kiliwekwa tena katikati. Raheli alisoma kwa upande wake, alipochoka Bartolomayo akapokea kwa ubavu wake, na neno likazunguka bila mtu kukigusa kitabu.

Wakaimba. Mwanamke mmoja alileta ngoma, ile ya wanawake inayobanwa magotini, ambayo misheni iliikataza, akaipiga polepole akimtazama Bartolomayo. Bartolomayo alitazama paa. Baadaye Matonya, kwa kuwa wageni ni wageni, alitoa kata ya togwa, ikapita mkono kwa mkono.

"Tusidanganyane," alisema Bartolomayo ilipomfikia. "Hiki si kikombe cha Bwana."

"Ni kata yangu," alisema Matonya. "Kunywa, wenzako wanangoja."

Akanywa. Kisha kila mtu akasema linalomlemea: huyu mtoto mgonjwa, yule ndugu aliyekamatwa kubeba mizigo ya jeshi. Walimfikia Nyamvula. Tangu aanze kumfuata Kristo hakuna aliyewahi kumwuliza. Alisema anaogopa. Walimwuliza anaogopa nini, akasema anaogopa kwa kuwa amefurahi, na furaha kama hii huwa haimkai mtu mkononi. Wakamwombea hilo.

Ikawa hivyo kila Jumapili, na baadaye katikati ya wiki pia. Nyamvula hakuamua saa ya kulia, ilikuja yenyewe, na watu wakaja nayo. Waliokuwa wametengwa na misheni kwa sababu ya pombe walikuja. Vijakazi walikuja. Kuluthumu, mwanamke Mrangi aliyeshuka na punda wake kutoka Kondoa kuuza tumbaku na samli, alikaa kivulini uani akisikiliza, na saa yake ilipofika alisogea pembeni akatandika mkeka wake akaswali, kisha akarudi. Hakuna aliyemwambia kitu. Togwa ilimfikia kama wengine.

Lakini sauti ya shaba haifichiki. Shaushi Mustapha, sajenti wa jeshi la Mdachi, alikuja kutoka bomani na askari wake. Walipekua nyumba zote wakachukua kila kinacholia: njuga za wachezaji, kengele za ng'ombe, hata sufuria moja. Ng'ombe wakaanza kupotea vichakani kwa kutojulikana waliko. Askari walikuwa hawajafika hata relini kengele ikalia nyuma yao.

Shaushi alirudi asubuhi nyingine, na safari hii hakupekua.

Nyamvula alikuwa korongoni, ambako watu huchimba mchanga kupata maji wakati wa kiangazi. Alikuwa ameinama ndani ya shimo akichota kwa kata, maji yanakuja kidogo kidogo, alipoona miguu ya punda juu yake. Ilikuwa miguu ya punda wa Kuluthumu.

"Usirudi nyumbani, mwanangu," alisema Kuluthumu. "Shaushi yuko uani kwa mjomba wako. Amewauliza kengele iko wapi."

"Wamesemaje?"

"Mjomba wako alikuwa na uongo mzuri kabisa, ameshafungua kinywa. Yule mzee wenu Bartolomayo akamwahi. Akasema, 'Kengele imekwenda kuchota maji, afande.' Shaushi akaona anafanyiwa mzaha. Nimewaacha wanamlaza chini apigwe kiboko." Aliutazama mtungi wa Nyamvula, ambao haukuwa umefika nusu. "Punda wangu wana nafasi. Usiku tutakuwa mbali, na Kondoa hakuna anayekujua. Huko hata ukilia watasema ni mambo yako."

Nyamvula alijua kwamba Kuluthumu anasema kweli, na kwamba huo ndio msaada wa mwisho atakaoupata siku ile. Alifikiri juu ya Kondoa, na punda, na usiku. Kisha akafikiri juu ya Bartolomayo, mtu mzima mwenye mvi, amelala kifudifudi kwenye ngozi ile ile anayokalia Jumapili, anapigwa kwa sababu amekataa kusema uongo juu yake. Miaka yote ya dirishani hakuna aliyepigwa kwa ajili yake. Akajitwika mtungi na nusu yake ya maji.

"Basi nakuja nawe," alisema Kuluthumu kwa hasira, akageuza punda.

Uani viboko vilikuwa vinaendelea. Nyamvula aliingia, akatua mtungi, akasema, "Shikamoo, afande. Kengele ni mimi." Na kwa kuwa saa ilikuwa imefika, akalia.

Shaushi Mustapha alisikiliza. Alikuwa askari wa siku nyingi, amekwenda vita vya kusini, ameona risasi na maji na mengi yasiyosimuliwa, na hakuwa mtu wa kushangazwa na mwanamke. Alimwashiria askari aache kupiga. Akamzunguka Nyamvula, akamgonga bega kwa ukucha, akasikiliza mlio.

"Ndiyo hii," alisema. "Mzee hakudanganya. Mwacheni ainuke."

Kisha akatoa agizo lake, alilokuwa amelishika kwa moyo. Bwana Mkubwa wa boma amesema kengele zote zipelekwe Dodoma. Kengele isiyobebeka, au iliyofungwa mahali pake isitoke, hiyo itang'olewa ulimi, na ulimi uletwe bomani uwe ushahidi. Alimtazama Nyamvula juu mpaka chini. Alikuwa anamfikiria njiani, anamfikiria akilia katikati ya mji, akilia chini ya dirisha la Bwana Mkubwa mwenyewe.

"Haibebeki," aliamua. Akachomoa kisu.

Kuku walikuwa wanaparua karibu na jiwe la kusagia. Nyamvula alihisi ulimi wake mdomoni, mzito, mkavu, umelala kama kitu cha mtu mwingine. Alitaka kuomba akakuta ombi limekwama. Alikuwa na hofu tupu, hofu ya mbuzi aliyeshikwa, na hakuona haya kuwa nayo.

"Fungua kinywa," alisema shaushi. "Ulimi hauna mfupa. Si kazi ya muda mrefu."

Raheli ndiye aliyesimama. Alikuja mpaka mbele ya kisu, bangili zinagongana mikononi.

"Ulimi wa kengele hii ni huu," alisema. "Mume wetu alikuwa hajui amwache nani. Alikaa kimya siku nyingi. Mimi ndiye niliyesema, 'Mwache huyo.' Nilisema usiku, mlangoni, nikaenda kulala na usingizi ukaja. Huyu hakuanza kulia kwa ulimi wake, afande. Kata wangu."

Akatoa ulimi.

Nyamvula hakuwa anajua. Neno lile lilimpata kifuani, mahali panapolia, na kwa muda alisahau kisu. Alimtazama Raheli na ulimi wake nje, uso mzima umelowa machozi, na akamchukia, na papo hapo akaogopa asije akakatwa.

Bartolomayo alijikokota kutoka ngozini, mgongo unavuja damu, akasimama kando ya Raheli akatoa wake. Yule mpiga ngoma akatoa wake. Wa pombe wakatoa, vijakazi wakatoa. Matonya alisema kwamba hajabatizwa lakini nyumba ni yake, akatoa. Kuluthumu alifunga punda kwanza, vizuri, mafundo mawili, akaja akasimama mwisho wa duara akatoa wa kwake. Wakakaa hivyo, wote, jua linawapiga kwenye ndimi.

Shaushi alizunguka duara lote. Alirudi alikoanzia. Jasho lilikuwa linamtoka chini ya kofia.

"Agizo linasema ulimi," alisema hatimaye. "Halisemi ndimi."

Mtu wa amri hawezi kuzidisha amri. Alirudisha kisu alani, akasema atakwenda kuuliza, na ole wao jibu likija. Akaondoka na askari wake. Watu walifunga vinywa, wakatafuta mate, wakampaka Bartolomayo samli ya Kuluthumu mgongoni. Raheli alikuwa amekaa chini peke yake. Nyamvula alikaa mbali naye muda mrefu. Halafu alimpelekea maji yale ya nusu mtungi, akakaa karibu, wala hakumwambia kwamba amemsamehe, maana ilikuwa bado. Jumapili iliyofuata walikaa ngozi moja.

Jibu kutoka bomani halikuja. Vita vilikuwa vinasogea kutoka upande wa kaskazini na Bwana Mkubwa alikuwa na mambo mengine. Kila mara vumbi lilipoonekana njiani watu walishika vinywa vyao, kisha vumbi likawa la ng'ombe. Waliishi hivyo, roho mkononi, na hawakuacha kukutana.

Aliyekuja mwishowe alikuwa Kefa.

Mdachi alikuwa amemfungulia kwa kuwa miguu ilimvimba na hafai tena kubeba mizigo. Shingoni alikuwa na kovu la mnyororo pande zote. Alikuja na ufunguo wa kanisa, kwa kuwa mtama umekwisha kuliwa na jeshi halina haja tena na jengo, na alikuja na ruhusa: mwalimu mmoja, ibada moja, Jumapili tu, bila kengele ya shaba. Watu walimpokea kwa machozi. Nyamvula naye alilia machozi, ya macho, kwa kumwona amekonda vile, kwa kuwa hakuwa amewahi kuacha kumpenda.

Kifua kililia pia. Kefa alisikiliza, akainamisha kichwa.

"Bwana asifiwe," alisema. "Tumenyang'anywa kengele, naye ametupa nyingine. Na ruhusa imetaja shaba tu."

Walimweleza yote: duara, kitabu katikati, ngoma, kata ya togwa, ndimi. Alisikiliza kwa makini, wala hakumkaripia mtu. Alisema wameitunza imani wakati wa dhiki, na kwamba dhiki ina ruhusa zake. Sasa kanisa limefunguliwa. Jumamosi walifagia punje na mavi ya panya, wakapanga mabenchi, kulia na kushoto. Raheli alipojaribu kusoma, Kefa alikichukua kitabu mikononi mwake, akakigeuza kikakaa sawa, akamrudishia. Raheli alikitazama, midomo ikicheza. Hakuweza kusoma hata neno moja.

Jumapili Nyamvula aliamka mapema. Alioga, akajipaka mafuta, akajifunga kaniki mpya aliyokuwa ameletewa na Kuluthumu. Alimkuta Kefa mlangoni peke yake.

"Shikamoo, Mwalimu."

"Marahaba, dada."

Zamani alimwita mke wangu. "Nimekuja kuomba jina," alisema Nyamvula. "Loisi. Padri hayupo, lakini wewe unaweza kubatiza wakati wa hatari, umetufundisha mwenyewe. Na hatari ipo."

Ilionekana jambo linamsumbua Kefa kweli. Alilishika kovu la shingoni akalisugua kwa kidole.

"Jambo lako halijatengenezwa," alisema.

"Ni lipi, Mwalimu? Niambie nilitengeneze leo."

"Sijui. Padri atakaporudi tutamwuliza."

"Nimekaa ndani mwaka mzima. Nimekaa katikati yao."

"Pale palikuwa zizi," alisema Kefa taratibu. "Usidhani nakudharau. Mungu amekupa kazi ambayo hajampa mtu mwingine hapa. Lakini kila kitu kina mahali pake, na hakuna kengele inayokaa ndani. Ikilia ndani, nani atasikia mahubiri?"

Akamwonyesha nguzo mbili zilizokuwa zikibeba kengele ya shaba, upande wa dirisha, na katikati yake kivuli kidogo. Alikuwa amempelekea kigoda mwenyewe, alfajiri, kabla watu hawajaamka.

Saa ilifika na Nyamvula akalia. Majembe yalishuka mashambani, watu wakaja. Bartolomayo alipita, akasimama mbele yake, akavua kofia. Alifungua kinywa kama mtu mwenye swali, akamtazama Kefa aliyesimama mlangoni na kovu lake, akaingia. Matonya hakuja, alisema yeye amezoea kusali nyumbani. Mpiga ngoma alikuja mikono mitupu. Raheli alikuja wa mwisho, akamshika Nyamvula mkono kwa nguvu, hata Kefa alipomwita jina mara mbili. Kisha akauachia, akaingia, akakaa kushoto, benchi la mbele, mahali pa mke wa mwalimu.

Nyamvula aliendelea kulia. Ndani wimbo ulianza, ukatangulia, ukachelewa, ukashindwa kuelewana na kengele. Kefa alirudi mlangoni. Alimtazama kwa huruma, kama alivyomtazama siku ile alipombebea jiwe.

"Basi, inatosha," alisema. "Watu wote wamekwisha kuingia."

Akafunga mlango.